Asiyekuwepo Getini

Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani mkubwa kuelewa jina Esidimeni. Ile -ni ya mwisho ni ndugu wa -ni yetu ya nyumbani, shambani na mezani. Na isidima, kwa Wazulu na Waxhosa, ni heshima ya mtu, ule utu anaobaki nao hata akivuliwa kila kitu. Esidimeni, basi, ni penye heshima. Ndilo jina ililojipa kampuni ya hospitali binafsi huko Afrika Kusini, Life Esidimeni, na leo jina hilo ni la msiba.

Kisa chake nawasimulia hasa wale ambao kazi yao ni kuendesha mashtaka kwa niaba ya umma, na vijana wanaoisomea kazi hiyo. Kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha wanasiasa na madaktari. Mimi nakiona pia ni kisa cha mwendesha mashtaka, ingawa kwa sehemu kubwa ya simulizi hii hamtamwona. Huko kutoonekana kwake ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Kwa miongo kadhaa serikali ya jimbo la Gauteng, lenye miji ya Johannesburg na Pretoria, ilikuwa ikiilipa kampuni hiyo iwatunze wagonjwa wa akili wa muda mrefu. Si wale wa kulazwa wiki mbili, wakapewa dawa wakarudi kazini. Hawa maradhi yalikuwa yamekaa nao miaka. Wapo waliokuwa hawasemi, wapo wasioweza kujilisha, wapo waliokuwa na kifafa juu ya maradhi ya akili, na wapo waliozeekea mle ndani mpaka manesi wakawa ndio ndugu. Hospitali hizo hazikuwa pepo. Lakini kulikuwa na chakula kwa saa zake, dawa kwa saa zake, na mtu wa kumgeuza kitandani asiyeweza kujigeuza.

Oktoba 2015 waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, akatangaza kwamba mkataba unavunjwa. Wagonjwa watatoka, watarudi kwenye jamii.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu wengi wakisikia kisa hiki hukimbilia kusema kosa lilikuwa kuwatoa. Hapana. Kumfungia mtu miaka 30 ndani ya ukuta kwa sababu anasikia sauti tusizozisikia ni jambo ambalo dunia imeanza kulionea haya, na ina haki ya kuona haya. Italia, kwa msukumo wa daktari Franco Basaglia, ilipitisha sheria ya kuzifunga hospitali za namna hiyo Mei 1978. Afrika Kusini yenyewe ilikuwa na sera ya taifa ya afya ya akili, ya mwaka 2013 hadi 2020, iliyotaka wagonjwa watunzwe karibu na kwao. Sera hiyo haikuwa imeficha sharti lake: huduma za mtaani zitangulie, vitanda vipungue baadaye. Anayehama nyumba hujenga kwanza ya kuhamia. Gauteng ilibomoa kwanza.

Na ilibomoa kwa haraka. Mkataba ulikuwa ukome mwisho wa Machi 2016, ukasogezwa hadi mwisho wa Juni. Katika miezi hiyo michache zaidi ya wagonjwa 1,300 walitakiwa wapate pa kwenda. Walikopelekwa wengi ni kwa asasi zisizo za kiserikali, 27 kwa idadi, nyingine zikiwa ni nyumba za watu za kawaida kabisa, zenye sebule, vyumba vitatu na ua.

Chukua kalamu upige hesabu. Life Esidimeni ilikuwa ikilipwa randi 320 kwa mgonjwa mmoja kwa siku. Asasi zikapangiwa randi 112. Ndani ya hizo 112 muwe na milo, dawa, sabuni, nepi za watu wazima, maji, umeme, blanketi, na mshahara wa nesi anayejua kutofautisha usingizi na kuzimia. Mtu yeyote aliyewahi kuuguza mzazi nyumbani angeuliza swali lile lile: atakula nini siku ya 20 ya mwezi? Na zipo asasi ambazo hata hizo 112 zilichelewa kuzifikia.

Onyo halikukosekana. Shirika linalowatetea wagonjwa wa sonona na wasiwasi, SADAG, lilionya. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kilionya. Familia zilionya. Wanasheria wa shirika la Section27 walikwenda mahakamani Desemba 2015, na serikali ya jimbo ikafanya makubaliano nao kwamba kabla ya kuhamisha watashauriana. Machi 2016 wakarudi tena mahakamani kuzuia wagonjwa zaidi ya 50 wasipelekwe kwenye nyumba iitwayo Takalani, kule Soweto, iliyokuwa imezoea kulea watoto wenye ulemavu wa akili. Serikali ikasema hao wagonjwa hawahitaji uangalizi wa kitaalamu. Ombi likatupwa.

Angalieni nani alisimama pale mahakamani. Upande mmoja, serikali ya jimbo na mawakili wake. Upande wa pili, mashirika ya hiari, madaktari waliojichangisha ujasiri, na mama aliyeacha kazi siku hiyo ili aje kusema mwanangu msimpeleke. Kiti cha yule anayezungumza kwa niaba ya umma mzima hakikuwepo, kwa sababu kesi ilikuwa ya madai na yeye kazi yake ni jinai. Wenye kuona hawakuwa na mamlaka ya kuzuia. Mwenye mamlaka hakuwa na sababu ya kuangalia, maana hakuna aliyekuwa amekufa.

Kisha ukaja Mei, ukaja Juni. Msomaji wa pwani akumbuke kwamba Juni ya Johannesburg ni kipupwe cha kweli, umande unaganda juu ya nyasi. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa baadaye na Profesa Malegapuru Makgoba, mchunguzi wa malalamiko ya afya wa taifa, inaeleza yaliyotokea, na nimeisoma zaidi ya mara moja nikitafuta mahali pa kupumzika. Baadhi ya asasi zilikuja kuchukua wagonjwa kwa pikapu za wazi. Wengine waliokuwa hawawezi kukaa wima walifungwa kwa shuka ili wasianguke, viti vyao vya magurudumu havikwenda nao. Wenye asasi walichagua wagonjwa mmoja mmoja, wewe njoo, wewe baki, kama wanunuzi wa mnadani wanavyochagua ng'ombe. Majalada ya matibabu yalibaki nyuma au yalikwenda kwingine. Wengine waliondoka bila vitambulisho na bila dawa za kutosha. Wapo waliozungushwa kutoka asasi moja hadi nyingine, na ndugu walipofika hospitali Jumapili na chakula cha mkononi walikuta kitanda kitupu, na mtu wa kuwaambia aliyelala hapo yuko wapi hayupo.

Asasi zote 27, alikuta Makgoba, zilikuwa zikifanya kazi kwa leseni zisizo halali. Zote. Leseni hizo zilisainiwa na mkurugenzi wa afya ya akili wa jimbo, Dkt. Makgabo Manamela, ambaye hakuwa na mamlaka kisheria ya kuzisaini. Bodi ya mapitio ya afya ya akili, chombo ambacho sheria ilikiunda kisimame kati ya mgonjwa na wakubwa, ilikuwa imelala fofofo, haina meno wala uhuru.

Hapo ndipo ninapotaka kijana anayesomea uendeshaji mashtaka aweke kidole. Sheria ya Afya ya Akili ya Afrika Kusini, ya mwaka 2002, inamtaja kuwa mtenda kosa mtu anayemtelekeza mgonjwa wa akili, anayemtesa au kumtendea kwa namna ya kumdhalilisha, au anayeruhusu atendewe hivyo. Haisemi mpaka afe. Kumfunga mtu kwa shuka juu ya pikapu kipupwe ni udhalilishaji siku ile ile. Kumlaza na njaa ni kumtelekeza usiku ule ule. Kosa la jinai lilikuwepo limekamilika, linapita barabarani mchana, na namba za gari zinasomeka. Kilichokosekana ni mtu mwenye ofisi ya mashtaka aliyejiona anahusika na siku ya kuhama.

Wagonjwa wakaanza kufa. Kwa upungufu wa maji mwilini, kwa njaa, kwa baridi, kwa kifafa kisichopata dawa. Nyumba moja ya Pretoria iliyojiita Malaika wa Thamani, Precious Angels, ilizika karibu wagonjwa 20.

Septemba 2016 mjumbe wa upinzani katika bunge la jimbo, Jack Bloom, aliuliza ni wangapi waliokufa. Waziri akajibu 36. Tarehe 1 Februari 2017 Makgoba alipotoa taarifa yake idadi ilikuwa 94 na ziada, na Mahlangu akajiuzulu. Kuanzia Oktoba 2017 naibu jaji mkuu mstaafu, Dikgang Moseneke, aliketi kama msuluhishi, akasikiliza familia kwa miezi, na alipotoa uamuzi tarehe 19 Machi 2018 idadi ilikuwa 144. Alizipitia sababu zilizotolewa na serikali ya jimbo, kubana matumizi, kutekeleza sera, ushauri wa wakaguzi, akazikataa zote. Kwa kila mdai aliyefiwa aliamuru fidia ya randi milioni 1.2, na ndani yake kuna randi 20,000 za gharama za mazishi. Sehemu kubwa, randi milioni moja, aliiita fidia kwa kuvunjwa katiba.

Kwa fidia usuluhishi ulikwenda vizuri kadiri jambo la namna hii linavyoweza kwenda vizuri. Lakini msuluhishi hafungi mtu jela. Jalada likapelekwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Mashtaka.

Sasa mwendesha mashtaka ndio anaingia kwenye simulizi. Anakuta nini mezani?

Anakuta vyeti vya vifo vilivyoandikwa kwamba mtu amekufa kwa sababu za kawaida. Nesi au daktari wa zamu aliona mzee mwembamba, mgonjwa wa akili, amekufa usingizini, akaandika kawaida. Nani angebisha? Mwili ukazikwa bila kupasuliwa. Anakuta uzito wa mgonjwa haujulikani siku aliyotoka hospitali, wala siku aliyofika kwa asasi, wala mwezi mmoja baadaye. Orodha ya dawa haipo. Jalada la matibabu liko mji mwingine au halipo kabisa. Anajua wamekufa. Anajua walihamishwa. Lakini mahakama ya jinai haiulizi kama mambo mawili yalifuatana. Inauliza kama moja lilisababisha lingine, pasipo shaka ya maana, na kwa mkono wa nani. Mwaka 2019 mamlaka hiyo ikasema ushahidi hautoshi kumfikisha mtu kizimbani. Badala yake likafunguliwa shauri la uchunguzi wa vifo.

Wapo waliowalaumu waendesha mashtaka kwa uoga. Mimi sina haraka ya kuwaita waoga. Aliyepewa majivu hawezi kukuambia moto ulianzia chumba gani. Lawama yangu naipeleka nyuma zaidi, kwa mpango wa sheria unaomwita mwendesha mashtaka baada ya mazishi na kisha kumshangaa kwamba hana ushahidi.

Uchunguzi wa vifo ulianza Julai 2021 mbele ya Jaji Mmonoa Teffo wa Mahakama Kuu ya Pretoria. Ulichukua miaka mitatu. Mashahidi wakaja, wengine kwa video. Mawakili wakapinga, wakaahirisha, wakarudi. Tarehe 10 Julai 2024 jaji akasoma uamuzi: kwa mtazamo wa awali wa ushahidi, Mahlangu na Manamela walisababisha kwa uzembe vifo vya wagonjwa 9.

Tisa. Msomaji asidhani jaji aliona wengine walikufa kwa haki. Kwa wengi waliobaki hapakuwa na ushahidi wa kitabibu wa kuonyesha kilichowaua. Hao 9 ni wale ambao mwili wao, kwa bahati, uliacha maneno: uchunguzi wa maiti ulifanyika, au daktari fulani aliandika zaidi ya neno moja. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba haki ya marehemu ilitegemea mwandiko wa mtu wa zamu.

Hebu fikiria karatasi moja. Haihitaji bajeti, hata kalamu ya risasi inatosha. Siku ya kuhama, getini, kila mgonjwa anaandikwa: jina, picha, uzito wake asubuhi hiyo, dawa anazokunywa na kiasi alichopewa cha kuondoka nacho, ndugu aliyejulishwa na saa aliyojulishwa, aliyemkabidhi, aliyempokea, na namba ya leseni ya aliyempokea. Nakala moja inakwenda ofisi ya mashtaka ya wilaya siku hiyo hiyo. Baada ya siku 14 mtu wa ofisi hiyo, au polisi aliyeagizwa nayo, anapita na mizani.

Karatasi hiyo ingefanya kazi mbili. Mwenye asasi akijua kwamba mizani inarudi, na kwamba jina lake liko kwenye jalada kabla hajafanya kosa lolote, atapika uji. Na asipopika, uzito uliopotea kilo 11 kwa wiki mbili ni ushahidi ambao hakuna wakili atakayeupangusa. Karatasi ya kumlinda mgonjwa na karatasi ya kumtia hatiani aliyemuumiza ni moja. Anayesema kwamba kazi ya mwendesha mashtaka ni kushtaki tu, na kulinda ni kwa wengine, hajawahi kuandaa kesi ya uzembe.

Haya si mawazo ya kijiweni. Iko nchi iliyompa mwendesha mashtaka kazi ya kusimama getini, nayo iliipata hekima hiyo kwa gharama kubwa. Kule Barbacena, Brazil, hospitali iitwayo Colônia ilifunguliwa mwaka 1903, na inakadiriwa watu 60,000 walikufia humo kabla nchi haijaangalia. Miili iliuzwa kwa vyuo vya udaktari. Utawala wa kijeshi ulipokwisha, katiba ya mwaka 1988 ikawapa waendesha mashtaka wa nchi hiyo, Ministério Público, kazi ambayo huku kwetu ingeshangaza: mbali na jinai, watetee maslahi ya jamii nzima katika mashauri ya madai, mazingira, watoto, afya. Anayechafua mto anaweza kufikishwa mahakamani nao bila samaki mmoja kulalamika.

Tarehe 6 Aprili 2001 ikaja sheria namba 10.216, ya haki za wagonjwa wa akili. Kifungu chake cha 5 kinasema mgonjwa aliyelazwa muda mrefu hatolewi kienyeji. Awe na mpango wa kumtoa na msaada wa kumrejesha katika maisha, chini ya mamlaka ya afya inayohusika. Na kifungu cha 8 ndicho nilichokuja kukitafuta: hospitali ikimlaza mtu bila ridhaa yake, ndani ya saa 72 mganga anayewajibika sharti amjulishe mwendesha mashtaka wa jimbo, na amjulishe tena siku mtu huyo anapotoka. Kuingia anajulishwa, kutoka anajulishwa. Mwendesha mashtaka wa huko hana haja ya kusubiri maiti, barua inamfuata.

Barua peke yake, najua, inaweza kulala kwenye trei. Ndiyo maana mfano wa Sorocaba, mji ulio magharibi ya São Paulo, una uzito zaidi kwangu kuliko kifungu. Mji huo na miji jirani ilikuwa na hospitali saba za magonjwa ya akili zenye wagonjwa zaidi ya 2,000, na watetezi walipokusanya takwimu za vifo vya humo hesabu ilitisha. Desemba 2012 waendesha mashtaka wa shirikisho na wa jimbo waliwakalisha mezani serikali kuu, jimbo la São Paulo na manispaa tatu, Sorocaba, Salto de Pirapora na Piedade, wakasaini mkataba wa aina ambayo sheria ya Brazil inaitambua: anayeuvunja anakazwa nao mahakamani kama vile hukumu ilishatoka. Ndani yake mlikuwa na ratiba, vituo vya kutibia mtaani vya kujengwa, nyumba za kuishi za watu wasiozidi 10 kila moja, wagonjwa wahesabiwe na watambuliwe, na faini kwa atakayezembea. Mgonjwa anayetoka alikuwa tayari na posho yake ya kila mwezi kwa sheria ya mwaka 2003, na posho hiyo analipwa mwenyewe, si mwenye nyumba.

Ilichelewa. Manispaa zilivuta miguu, muda ukapita, waendesha mashtaka wakarudi na karatasi zao. Mlango wa hospitali ya mwisho katika mpango huo, Vera Cruz, ulifungwa mwaka 2018. Gauteng ilitumia miezi isiyozidi tisa tangu tangazo mpaka kitanda cha mwisho. Sorocaba ilitumia zaidi ya miaka mitano. Anayeona uchelewaji wa Sorocaba ni udhaifu wa urasimu asome tena ile hesabu ya 144.

Nikisema hivi kuna daktari mmoja rafiki yangu ambaye hunikatiza kila mara. Nyie wanasheria, husema, mkimwingiza mwendesha mashtaka hospitalini daktari ataogopa kumtoa mtu yeyote. Hoja yake ina historia. Mwaka 1968 kule Gorizia, Italia, mgonjwa wa hospitali aliyokuwa akiiongoza Basaglia alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani kwa siku moja, akamuua mkewe. Basaglia alishtakiwa. Aliachiwa huru baadaye, lakini kila mkurugenzi wa hospitali Italia aliielewa salamu ile: ukifungua geti, ni wewe. Mashtaka yanaweza kuwa ndio kufuli.

Namjibu hivi. Mwendesha mashtaka wa Gorizia alikuja baada ya damu kumwagika, akamtafuta wa kumbebesha. Wa Sorocaba alikuja kabla, akauliza: mtamtoa lini, anakwenda wapi, nani atampikia? Daktari aliyeulizwa maswali hayo mapema na akayajibu kwa maandishi ana ngao. Anayetoa wagonjwa gizani ndiye mwenye sababu ya kuogopa. Rafiki yangu hakubaliani nami mpaka leo, na sitaki kujifanya nimemshinda.

Kwetu huku mfumo wa mashtaka tuliurithi kwa Mwingereza, kama Afrika Kusini ilivyorithi sehemu ya wake, na mwendesha mashtaka wetu anakaa ofisini akisubiri jalada la polisi. Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 157, inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kumwelekeza Inspekta Jenerali wa polisi achunguze taarifa yoyote ya kosa la jinai, na Inspekta Jenerali hana hiari ya kukataa. Taarifa yoyote. Haikuandikwa kwamba lazima iwe taarifa ya maiti. Ugumu wetu mkubwa hauko kwenye vifungu. Uko kwenye ulimi. Tanzania mtu akikosea njia anaambiwa huyo wa Mirembe. Nairobi anaambiwa arudishwe Mathari, yaani hospitali za magonjwa ya akili. Na watu wanacheka, hakimu anacheka, karani anacheka. Mtu anayechekwa akilalamika kwamba hajala siku mbili, nani ataandika maelezo yake? Polisi wa zamu atauliza kwanza kama amekunywa dawa.

Na ndiyo sababu sitaki mgonjwa mwenyewe awe ndiye wa kulalamika. Baadhi ya wagonjwa wa Gauteng walikuwa hawasemi. Mwizi wa kuku ana mwenye kuku wa kumpigia kelele. Mtu asiyesema, asiye na kitambulisho, ambaye ndugu hawajui alikopelekwa, anahitaji ofisi inayomjua kwa jina kabla ya shida. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, wakifikiria mgawo wa nyama. Gauteng waliokosekana walikuwa wawili: mgonjwa asiyeweza kusema lake, na yule aliyelipwa na umma kumsemea.

Baada ya uamuzi wa Jaji Teffo, jalada lilirudi lilikotoka: kwenye meza ya mkurugenzi wa mashtaka wa Gauteng, ili aamue kama wale wawili wafikishwe kizimbani. Meza ile ile ya mwaka 2019, safari hii na vifo 9 vyenye majina badala ya 144 vyenye ukungu. Familia zikaendelea kuuliza. Miaka ilikuwa imekwenda; wapo wazazi waliokuwa wakihudhuria usuluhishi ambao hawakuuona uamuzi wa jaji.

Kuna hesabu nyingine katika uamuzi wa Moseneke ambayo haitajwi sana, kwa sababu haina mahali pa kuwekwa. Siku ile ya Machi 2018, alipokuwa akisoma mbele ya familia, wagonjwa 44 walikuwa hawajulikani walipo. Walitoka hospitali, jina likakatwa kwenye daftari moja na halikuandikwa kwenye lingine. Hao hawakuwa na kaburi, hawakuwa na cheti cha kifo, na kwa hiyo hawakuwa na jalada kwenye meza ya mtu yeyote.